Usibonyeze C kwanza

Kuna kitufe kidogo chenye herufi C kwenye uso wa rilei, kile kifaa kinacholinda laini ya umeme, na ningekuwa na mamlaka ningekifungia kufuli. Kitufe chenyewe hakina kosa. Kimewekwa kifute taarifa baada ya kusomwa. Taabu ni mkono wa mtu aliyeshtushwa na king'ora saa nane usiku: anachotaka kwanza ni kelele zikome na taa zizimike, na C ndiyo inayozizima.

Naandika haya kwa vijana walioingia kazini karibuni kwenye vituo vya kupozea umeme huku kanda ya kati, wanaonitumia picha za rilei kwenye WhatsApp na swali lile lile: "Mama, hii ina maana gani?" Mimi ni fundi sanifu wa ulinzi wa mitambo, naishi Dodoma, na miaka yangu mingi ya kazi imepita nimesimama mbele ya paneli. Kituo sitakitaja, laini sitaitaja. Rilei nitakayoisema zaidi ni MiCOM P442, kwa sababu ndiyo vidole vyangu vimeizoea. Mwishoni nitagusa za kampuni nyingine.

Kwa asiye wa fani: hii ni rilei ya umbali. Inapokea volti na ampea kutoka kwenye transfoma za vipimo, inagawanya volti kwa ampea, na jibu ni omu. Laini ikiwa nzima, jibu ni kubwa. Waya ukigusana na ardhi, volti zinashuka, ampea zinapanda, jibu linakuwa dogo. Na hitilafu inavyokuwa karibu ndivyo jibu linavyozidi kupungua. Zoni ya kwanza kwa kawaida huwekwa asilimia 80 ya urefu wa laini, nayo haisubiri mtu. Zoni ya pili inavuka mwisho wa laini, asilimia 120 au zaidi, lakini inasubiri sekunde 0.3 hadi 0.5 ili rilei iliyo mbele ipate nafasi ya kwanza. Kwenye umeme wetu wa hezi 50 mzunguko mmoja ni milisekunde 20, na hitilafu ya zoni ya kwanza huwa imekwisha kukatwa, breka (swichi kubwa ya kukatia laini) ikiwa wazi, kabla hata hujageuza shingo. Maana yake ni kwamba ukifika mbele ya paneli, rilei imeshamaliza kazi yake. Iliyobaki ni kuisoma.

Tuanze na taa nne za kushoto. Ya juu nyekundu, TRIP: rilei imetoa amri ya kufungua breka. Inayofuata ya njano, ALARM: inapepesa kama kuna taarifa ambayo haijasomwa, inatulia ikishasomwa, inazimika ikifutwa. Ya tatu nayo ya njano, OUT OF SERVICE: ulinzi haupo kazini, mara nyingi kwa sababu kuna mtu aliiweka kwenye majaribio akaondoka. Ya chini ya kijani, HEALTHY.

Hiyo ya kijani ndiyo inayowapoteza watu. Inamaanisha rilei imejipima ndani kwa ndani ikajiona nzima. Haisemi kwamba laini inalindwa. Chukua mfano wa kawaida kabisa: swichi ndogo ya transfoma ya volti imeanguka kwenye fezi ya njano, moja ya nyaya tatu za laini. Rilei inaona volti zimetoweka kwenye fezi moja huku ampea hazijabadilika, inajua hiyo si hitilafu ya laini, basi inazuia vipengele vyake vya umbali ili isije ikakata laini nzima bure. Inawasha ALARM. Kijani kinabaki kinawaka vizuri tu! Opereta anapita, anaona kijani, anaandika kwenye daftari la zamu kwamba rilei ni nzima, na laini inabaki bila ulinzi wake mkuu mpaka atokee mtu wa kufungua ukurasa wa vipimo. Kwa hiyo katika ukaguzi wako wa kila zamu usiishie kwenye taa. Shuka kwenye MEASUREMENTS 1 usome volti tatu, moja moja. Kwenye laini ya kilovoti 220, kila fezi kwa ardhi inatakiwa iwe karibu na kilovoti 127. Kama rilei imewekwa ionyeshe upande wa pili wa transfoma, utaona volti 63.5 hivi. Ukikuta mbili ziko sawa na moja ni sifuri, nenda kaangalie sanduku la transfoma ya volti uwanjani, usiende kulala.

Kulia kuna taa nane nyingine, na maana zake anaamua mhandisi aliyeiseti rilei siku ya kuanzishwa. Taa ya nne ya kituo hiki inaweza kuwa "amri ya kukata imetoka upande wa pili", na taa ya nne ya kituo jirani ikawa "breka imegoma". Pembeni kuna kijikaratasi cha majina. Nimeona vilivyofifia kwa joto hadi havisomeki, na nimeona kimoja kilichoandikwa kwa kalamu ya risasi. Kama chako kiko hivyo, omba michoro, andika upya, chapisha. Hii ni kazi ya nusu saa ambayo hakuna bosi atakayekuagiza uifanye.

Sasa usiku wenyewe.

Mvua za kwanza za Desemba huku kwetu zina tabia yake. Kuanzia Juni hadi Novemba karibu hakuna tone, upepo unabeba vumbi jekundu, linaganda kwenye vikombe vya minara, vile vinavyotenga waya na chuma cha mnara. Mvua ya kwanza ikija na radi, lile vumbi linalowa kabla halijaoshwa, na linapitisha umeme. Ni katika usiku kama huo bwana mdogo mmoja wa zamu alinipigia.

"Shikamoo mama. Laini namba mbili imetripu."

"Marahaba. Umegusa kitu?"

"Bado, mama. Wa chumba cha kuongozea gridi wananipigia wanataka wajue kama wairudishe."

"Waambie dakika tano. Piga picha paneli yote kabla hujaigusa, usiwashe mwanga wa simu, simama upande kidogo ili kioo kisirudishe taa ya dari. Halafu chukua kalamu."

Picha ile ya kwanza ina faida kuliko maelezo yoyote atakayonipa mtu kwa mdomo. Taa zinazobaki zimewaka zinaonyesha mambo ambayo hayamo kwenye ukurasa wa hitilafu: kama amri kutoka upande wa pili ilifika, kama mfumo wa kurudisha breka ulianza, kama mawasiliano yalikuwa yamekatika. Naomba nieleweke hapa, kwa sababu kuna wanaoamini kwamba C inafuta kila kitu. Haifuti. Rekodi ya hitilafu inabaki kwenye kumbukumbu. Kinachopotea ni taa zilizojishikilia, na hizo hazina pengine pa kurudishwa zikaonekana vile zilivyokuwa. Halafu kumbukumbu yenyewe inabeba rekodi tano tu za mwisho za hitilafu. Usiku wa radi tano si nyingi. Ukichelewa hadi asubuhi, ya kwanza inaweza kuwa imeshasukumwa nje.

Kusoma unatumia kitufe chenye alama ya kioo cha kukuzia, si mishale. Kioo cha rilei kinaandika kwamba kuna alamu au hitilafu. Bonyeza kile kitufe, ukurasa wa kwanza unakuja. Bonyeza tena, unaofuata. Kila ukurasa andika kabla hujaenda mbele. Mwisho kitakuuliza kama unataka kufuta. Hapo ndipo C inapofanya kazi yake. Ukitaka kuacha zilivyo, bonyeza tena kile cha kusomea. Na ujue njia ya mkato ambayo wazoefu wanaipenda: ukishaingia kwenye usomaji, C ya kwanza inakurusha kwenye rekodi ya hitilafu, ya pili inakupeleka kwenye swali la kufuta, ya tatu inafuta. C tatu za haraka, na paneli inarudi safi kama haikutokea kitu. Ndiyo maana nilimuuliza kama amegusa.

Alinisomea hivi. Fezi zilizohusika: A, B na C, kukata fezi zote tatu. Kipengele kilichokata: kukata baada ya kurudishwa. Umbali: kilomita 64.

Nikamwambia hiyo iweke pembeni, anitafutie iliyotangulia.

Rekodi mpya kabisa ndiyo namba 0. Inayokuja juu ukibonyeza kusoma ni hiyo. Lakini laini hii ilikuwa imewekewa kujirudisha yenyewe: hitilafu ya fezi moja, breka inafungua fezi ile tu, inasubiri kama sekunde moja, inafunga tena ikitumaini kwamba mwako umekufa. Usiku ule ulikuwa haujafa. Rilei ilipokuta hitilafu ingali pale, ikakata zote tatu. Rekodi 0 inaeleza jinsi laini ilivyokataa kurudi. Iliyo nyuma yake, namba 1, ndiyo inayoeleza ilivyoanguka. Kuifikia unatoka kwenye usomaji, unaingia kwenye menyu kwa mishale hadi safu ya VIEW RECORDS, unashuka mpaka sehemu ya kuchagua hitilafu, unabonyeza kitufe cha kukubali, unabadili 0 kuwa 1. Kuangalia hakuhitaji paswedi.

Rekodi 1: fezi C na ardhi. Zoni 1. Muda wa hitilafu milisekunde 70 na kitu. Ampea za fezi C 1,800 hivi, za A na B za kawaida. Volti za C chini sana. Kilomita 61.3.

Hayo ndiyo yanayofaa kupelekwa kwa wa gridi, na nilimwambia ayaseme yote kwa mpangilio huo: fezi, zoni, ampea, kisha kilomita. Watu wengi wanaruka hadi kilomita. Kilomita peke yake ni namba ya kubahatisha. Ikija na fezi moja, zoni ya kwanza na ampea zinazoeleweka, inaaminika. Ikija na zoni ya pili na ampea ndogo zinazokaribia mzigo wa kawaida, ujue kuna ukinzani mkubwa pale chini, labda mti, labda waya umelala kwenye mchanga mkavu au jiwe, na kilomita ile inaweza kupotoka vibaya. Ardhi yetu huku ni mawe na ukame. Miguu ya minara haishiki ardhi vizuri kama kwenye udongo wenye unyevu. Laini mbili zikipita sambamba nazo zinasumbuana. Rilei inakokotoa kwa uaminifu, ila inakokotoa inachokiona kutoka upande wake.

Na fezi pia zina jambo lake. Rilei inasema A, B, C. Vijana wa laini wanasema nyekundu, njano, bluu. Kwenye vituo nilivyofanya kazi A ni nyekundu, B njano, C bluu, lakini thibitisha kwenye michoro ya kituo chako kabla hujamtuma mtu porini akaangalie waya usiohusika.

Dawa ya kilomita ni kupiga simu upande wa pili. Laini ile ina urefu wa kilomita 130 hivi. Mwenzetu wa kule alisoma 67.1, naye zoni 1, fezi C. Ukijumlisha na 61.3 unapata 128.4. Upungufu ni kilomita 1.6, na kati ya mnara na mnara kwenye laini hizi ni mita 350 hadi 400, kwa hiyo vijana wa laini wanajua: mahali ni hapo, minara michache huku na michache kule. Jumla ikizidi urefu wa laini kwa kilomita kumi, usimtume mtu bado, kuna namba moja inadanganya. Hesabu hii haihitaji laptopu. Inahitaji watu wawili waliosoma kabla ya kufuta, wa huku na wa kule. Ndiyo sababu C ya mtu mmoja inamgharimu mwingine aliyeko mbali.

Wapo ambao rilei yao imewekwa ionyeshe omu badala ya kilomita, na wanakwama. Usikwame. Kwanza uliza kama ni omu za upande wa laini au za upande wa rilei. Tuseme transfoma ya ampea ni 800 kwa 1 na ya volti ni 220,000 kwa 110, yaani 2,000 kwa 1. Gawanya 800 kwa 2,000, unapata 0.4. Omu za rilei zigawe kwa 0.4, umepata za laini. Kisha zigawe kwa omu za kilomita moja ya laini yako, ambazo zimo kwenye karatasi ya seti. Kama ni 0.4, basi omu 9.8 za rilei ni 24.5 za laini, na hizo ni kilomita 61 na kidogo. Bandika hesabu hii, kwa namba za kituo chako, kwenye mlango wa ndani wa paneli.

Vijana wa laini walitoka alfajiri. Walipofika eneo walikuta wachungaji, wakawasalimu mbukwenyi, wakauliza kama usiku walisikia kitu. Mzee mmoja aliwaonyesha kwa fimbo upande wa kilima: mwanga, akasema, halafu mlio, halafu mwanga tena. Mara mbili. Yule mzee alikuwa amezisoma rekodi zote mbili bila kioo. Vikombe vya kioo kwenye fezi ya bluu vilikuwa vimepasuka, vimebaki vichache visivyotosha kuzuia kilovoti 220, na ndiyo maana laini haikukubali kurudi.

Jambo la saa nalo limetusumbua sana. Rilei iliandika 23:14, tarehe ya jana yake. Bwana mdogo akasema haiwezekani, hitilafu ilitokea saa nane na dakika kumi na nne usiku. Alikuwa sahihi, na rilei ilikuwa sahihi pia. Ilikuwa inapokea saa kutoka setilaiti na haikuambiwa kwamba sisi tuko saa tatu mbele. 23:14 jumlisha tatu ni 02:14, na 02:14 kwa ulimi wetu ni saa nane na dakika kumi na nne. Kwenye simu watu wanasema kwa saa zetu, kwenye daftari wanaandika kwa tarakimu za saa 24, kwenye rilei kuna muda wa Greenwich. Usiku wa hitilafu tatu, mtu anaweza kulinganisha rekodi ya hitilafu hii na ya hitilafu nyingine kabisa. Kabla hujaandika chochote, angalia saa ya rilei ilivyo sasa hivi, linganisha na simu yako, na tofauti iandike juu ya ukurasa. Usiirekebishe saa usiku ule ule. Utavuruga mpangilio wa matukio wakati wahandisi bado hawajayapakua.

Kuhusu kubadili seti kwa vitufe vya mbele nitasema kidogo, kwa sababu msimamo wangu ni mfupi: usibadili. Inawezekana, ndiyo. Ngazi ya 0 ni kusoma, ya 1 ni kuamuru na kufuta, ya 2 ni kubadili seti, na ukishabadili rilei inauliza kama uthibitishe au uache. Ukiondoka bila kuthibitisha, baada ya dakika 15 za ukimya inajirudisha mwanzo na mabadiliko yanapotea. Lakini kubadili namba moja moja kwa mishale, kwenye kioo chenye mistari miwili mitatu, bila faili la kulinganisha, ndiko kunakozaa zoni ya kwanza yenye sifuri moja iliyozidi. Seti zije kwa faili, kwa laptopu, kupitia tundu la mbele, na karatasi yenye sahihi. Na paswedi ya kiwandani ibadilishwe. Nimekuta vituo ambako bado ni ile iliyokuja na boksi, ambayo imechapishwa kwenye kitabu cha maelekezo na kila mwenye intaneti anaweza kuisoma.

Vumbi. Dodoma hatuwezi kuzungumzia mtambo bila vumbi. Vitufe vya rilei hizi ni vya utando laini, na vikianza kuwa vigumu watu wanavibonyeza kwa ncha ya kalamu au bisibisi. Utando ukitoboka, vumbi linaingia, na siku unayoihitaji mishale haishuki. Tumia kidole. Futa kwa kitambaa kikavu, au chenye unyevu mdogo sana, usipulize maji ya kusafishia moja kwa moja. Mlango wa paneli ufungwe. Nimekuta umeachwa wazi "ili ipate hewa".

Chini ya kifuniko cha mbele kuna betri ndogo ya lithiamu ya volti 3.6. Hii haiendeshi rilei, rilei inaendeshwa na betri kubwa za kituo. Kazi yake ni kushikilia saa na kumbukumbu umeme wa kituo ukikatika. Rilei inatoa alamu ikichoka, na alamu hiyo inadharauliwa kwa sababu kila kitu kinaendelea kufanya kazi. Kinaendelea hadi siku umeme wa kituo unapoyumba katikati ya hitilafu, na rekodi zote zinaondoka.

Mzee aliyenifundisha alianza kazi enzi za rilei za sumaku na visahani, ambazo zilikuwa zinaangusha kibendera cha rangi zikikata. Hakukuwa na kilomita, hakukuwa na ampea, kulikuwa na kibendera na akili yako. Alinisimulia kwamba sheria ya zamu yao ilikuwa mtu aandike vibendera vyote ndipo avipandishe. Rilei ya kwanza ya kidijitali ya laini ilitoka Marekani mwaka 1984, kwa kampuni ya SEL, na tangu hapo vibendera vimekuwa taa, lakini sheria ya yule mzee sijaona sababu ya kuibadili.

Hizo za SEL, mkizikuta, zinasomeka haraka zaidi usiku: taa zimeandikwa fezi A, B, C na zoni kwa majina, huhitaji kijikaratasi. Jihadharini na TARGET RESET. Kitufe hicho kinafanya kazi mbili, kinajaribu taa kwa kuziwasha zote na hapo hapo kinafuta zilizojishikilia. Ukibonyeza "kujaribu taa tu", umefuta.

Kwenye ABB REL670 rangi ni tatu: kijani rilei iko tayari, njano imeanza kuona kitu, nyekundu imekata. Kijani kikipepesa kuna ubovu wa ndani, njano ikipepesa imeachwa kwenye majaribio. Pale kuna vitufe viwili ambavyo sitaki kidole cha mgeni kivikaribie, I na O, kwa maana I inafunga breka na O inafungua, kweli kweli, uwanjani. Na kuna L/R, ya kuchagua kama mtambo unaamriwa pale pale au kwa mbali. Ukimaliza kazi yako na kabla hujazima taa za chumba, irudishe kwenye mbali. Ukiiacha pale pale, wa gridi watatuma amri ya kufunga, breka haitajibu, watatuma tena, kisha watakupigia simu wewe, na saa hiyo utakuwa umeshafika nyumbani Nkuhungu na viatu umeshavua.